Bei ya Subira

Mbegu ya kakao ikitolewa kwenye tunda lake haina harufu ya chokoleti. Ukiitafuna utakutana na uchungu unaokausha ulimi, na ukiikata utaona zambarau iliyokoza. Harufu ile inayowavuta watoto dukani haikukaa ndani ya mbegu ikisubiri kutolewa. Hutengenezwa, na hatua yake ya kwanza haifanyiki kwenye viwanda vya Ubelgiji wala Uswisi. Hufanyika uani, huko Ipinda, Mababu na Ngana wilayani Kyela, chini ya majani ya mgomba, kwa mikono ya wakulima ambao wengi wao wana ekari chache tu. Mchomaji wa ng'ambo hukamilisha kazi kwa moto. Lakini hakuna tanuri linaloweza kutoa harufu ambayo mkulima hakuiweka.

Wilaya ya Kyela, mkoani Mbeya, imekaa kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Mashariki, Milima ya Livingstone inashuka karibu kuingia majini pale Matema. Kaskazini, ardhi inapanda kwenda Tukuyu na Mlima Rungwe, wenye kilele cha karibu mita 3,000. Ziwa lenyewe liko mita 474 tu juu ya usawa wa bahari, na kwa safari fupi ya basi abiria anavua koti la baridi ya mashamba ya chai na kuingia kwenye joto la michikichi. Mvua huku ni nyingi. Mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo huteremsha udongo kutoka milimani hadi bondeni, na mto Songwe ndio mpaka na Malawi. Sehemu za chini zimepewa mpunga, ule mchele wa Kyela unaoitwa kwa jina lake hata sokoni Dar es Salaam. Sehemu zilizoinuka kidogo ni za migomba, michikichi, miembe na, katikati yao, mikakao.

Mkakao ni mti wa kivulini. Asili yake ni misitu ya Amazoni, ambako huishi chini ya miti mirefu, na Kyela uliikuta migomba imekwisha kusimama. Ndiyo maana mgeni anaweza kulipita shamba la kakao barabarani asijue kama ni shamba. Hakuna mistari wala uwanda wa zao moja. Kuna nyumba, kuna ndizi, kuna kivuli, na ndani ya kivuli matunda ya njano na ya rangi ya chungwa yamening'inia kwenye mashina. Maua ya mti huu hutoka moja kwa moja kwenye shina na matawi manene, na huchavushwa na vijidudu wadogo sana wanaozaliana kwenye majani yanayooza chini. Mkulima anayejua hayo hafagii takataka zote za shambani. Maua mengi hudondoka bure. Lile linaloshika huchukua miezi mitano au sita kuwa tunda lililoiva.

Ufundi huanzia kwenye kisu. Mvunaji mzoefu hukata kikonyo bila kujeruhi pale kilipoota, kwa kuwa maua ya msimu ujao yatatokea papo hapo. Huliacha tunda bichi hata kama ana shida ya fedha, maana sukari yake haijatosha. Halisahau lililoiva, maana likikaa mno mbegu zake huanza kuota zikiwa bado ndani ya ganda. Lenye ugonjwa hulitenga. Akipasua hutumia gongo la mti, kwani panga likiichanja mbegu hufungua mlango wa ukungu. Ule uzi mweupe wa katikati unaoshikilia mbegu huutoa na kuutupa. Yote haya hayaonekani kwenye mizani, na hakuna anayeyaandika kwenye stakabadhi.

Halafu huja kuvundika. Tunda moja hutoa mbegu 30 hadi 40 hivi, zimevikwa ute mweupe, mtamu wenye uchachu. Hukusanywa kwenye sanduku la mbao lenye matundu chini, au kwenye tenga lililotandikwa majani ya mgomba, kisha zikafunikwa kwa majani na gunia juu. Asiyejua ataona rundo linalochuruzika maji. Ndani yake kazi imekwisha kuanza. Hamira za asili, zilizokuwa kwenye maganda, kwenye majani, kwenye mbao za sanduku na kwenye mikono ya mfunikaji mwenyewe, zinaila sukari ya ute na kuigeuza pombe. Siku mbili za kwanza hazihitaji hewa nyingi, kwa hiyo rundo halifunuliwi ovyo. Ute unalegea, unayeyuka, unadondoka. Uani kunanukia pombe changa.

Baada ya saa 48 hivi rundo hugeuzwa: za juu ziende chini, za pembeni ziingie katikati. Kwa kugeuzwa huko hewa inaingia, na bakteria wa siki wanashika zamu. Wanaila pombe na kuifanya siki, na kazi yao inatoa joto. Kati ya siku ya tatu na ya nne, katikati ya rundo joto hufika nyuzi 45 hadi 50, na mkono ukizamishwa humo hautulii. Harufu inabadilika, inakuwa kali, inapanda puani. Joto na siki vinaiua mbegu, na kifo hicho ndicho kilichokuwa kikitafutwa. Mbegu hai ingetaka kuota. Iliyokufa inaachia: kuta za chembe zake zinapasuka, vimeng'enya vinakutana na protini, zambarau inageuka kahawia, uchungu unapungua, na vile viambato ambavyo moto wa mchomaji utakuja kuvifanya harufu vinazaliwa.

Kwenye kazi hii ya siku tano hadi saba mafundi wengi hawana kipimajoto. Pua ndiyo saa yao. Inawaambia pombe imekwisha na siki imeanza, na inawaambia siki imeanza kupoa na mbegu zitoke leo, kabla ya kesho. Anayetoa mapema anapata mbegu za kijivu zilizoshikamana ndani, zitakazobaki chungu hata zichomwe vipi. Anayechelewa anapata uvundo wa kuoza usioondoka. Baina ya hayo mawili pana siku moja, pengine nusu siku, na siku hiyo haiko palepale kila mara. Hubadilika kwa mvua, kwa ukubwa wa rundo, kwa kuiva kwa matunda, na kwa baridi ya usiku. Mtu aliyevundika kwa miaka mingi ukimuuliza amejuaje kwamba leo ndiyo leo, atakupa mbegu chache unuse. Hilo ndilo jibu lake, nalo linatosha.

Kuna tatizo moja ambalo ustadi wa mtu mmoja hauwezi kulimaliza. Rundo dogo halishiki joto. Mwenye ekari moja, katika wiki ambazo matunda ni haba, hawezi kupata mbegu za kujaza sanduku, na rundo lisilopata moto huishia ukungu. Ndiyo sababu vikundi vya wakulima vina maana kubwa hapa kuliko hotuba za maendeleo zinavyosema. Wanapokusanya kakao mbichi ya majirani siku moja na kuivundika pamoja, hawagawani gharama tu. Wanalipata lile joto ambalo hakuna kati yao ambaye angelipata peke yake.

Kukausha ni mtihani wa pili. Mbegu inatoka kwenye sanduku ikiwa zaidi ya nusu yake ni maji, nayo lazima ifikishwe unyevu wa asilimia 7 hivi. Jua kali la ghafla si rafiki: ganda hukauka kwanza na kuifungia siki ndani, na kakao hiyo itakuwa chachu daima. Ukaushaji wa kusuasua nao huleta ukungu. Kwa hiyo fundi huanika kwenye kichanja kilichoinuliwa kutoka ardhini, tabaka nene siku ya kwanza, jembamba siku zinazofuata, na hugeuza tena na tena kwa mkono au kwa reki ya mti, akiokota mbegu zilizoshikana, zilizovunjika na zilizoota. Wingu likitoka ziwani, nyumba nzima hukimbilia turubai. Kazi hii huchukua wiki moja, na mvua ikikorofisha huzidi. Siku ya mwisho hujulikana kwa sikio: mbegu zikiminywa kiganjani hulia, kavu na kali. Zisipolia hurudishwa juani.

Hata zikikauka, ulinzi haujaisha. Karibu nusu ya mbegu ya kakao ni mafuta, yale yanayoyeyuka kwenye joto la mwili wa binadamu, na ambayo viwanda vya losheni na sabuni navyo huyatafuta. Mafuta hayasahau harufu. Gunia la kakao likilala karibu na jiko la kuni litabeba moshi hadi Ulaya. Likilala karibu na dumu la mafuta ya taa, au karibu na usipa walioanikwa kutoka ziwani, mnunuzi wa mbali atajua. Kwenye nyumba yenye vyumba viwili, yenye jiko, samaki, watoto na mvua, kuitengea kakao mahali pasipo na harufu ni nidhamu kubwa.

Upande wa mashariki wa ufukwe huohuo, wanawake wa Kikisi wa Ikombe wamefinyanga vyungu kwa vizazi vingi, na vyungu vyao huuzwa Matema na mbali zaidi. Chungu kibaya hujitangaza. Kina ufa au hakina, na mnunuzi akikigonga kwa kidole atasikia. Kakao ni ufundi wa aina nyingine, kwa maana kosa lake limefichwa ndani ya ganda la kahawia linalofanana na majirani zake wote. Ili kulijua lazima mbegu ikatwe. Kipimo cha kimataifa ni kuchukua mbegu 300 bila kuchagua, kuzipasua kwa urefu, na kuhesabu. Daraja la kwanza huruhusu mbegu zenye ukungu zisizozidi asilimia 3, na za kijivu, yaani zisizovundikwa, zisizozidi asilimia 3. Iliyovundikwa vizuri huonyesha kahawia yenye mifereji mingi ndani. Iliyoharakishwa huonyesha kijivu kigumu au zambarau. Kisu hakisikilizi maelezo.

Na hapo ndipo swali la haki linapoanzia. Kilo mbili na nusu hadi tatu za kakao mbichi hutoa kilo moja kavu. Anayekausha hadi asilimia 7 anauza maji machache kuliko jirani yake aliyeishia asilimia 10. Anayetupa mbegu zilizoota na zilizovunjika anauza gunia jepesi. Kwa hiyo mizani inayopima uzito peke yake humwadhibu fundi mwadilifu na kumtunza mwenye haraka. Na haraka haitokani na uvivu. Ada ya shule haisubiri kakao ikauke. Mgonjwa hasubiri. Ndiyo maana biashara ya njuti, ambayo fedha hutangulia na kakao hununuliwa mapema kwa bei ya chini kuliko ya mnada, imekuwa ngumu kuing'oa licha ya makatazo. Anayeshutumu njuti bila kuuliza mkulima angepata wapi mkopo wa wiki mbili hajalielewa jambo.

Kyela imewahi kujaribu njia mbalimbali za kuilipia subira hii. Miaka ya mwanzo ya 2000, kampuni ya Biolands ilijenga mtandao wa kununua kakao ya kilimo hai kwa wakulima wadogo moja kwa moja vijijini. Haikuwa lazima kuwafundisha kuacha dawa za viwandani ambazo wengi hawakuwa wakizitumia. Kilichohitajika kilikuwa kumbukumbu, ukaguzi na cheti. Mwaka 2008, kampuni ya Barry Callebaut, mojawapo ya wasindikaji wakubwa wa kakao duniani, ilinunua asilimia 49 ya Biolands. Maana yake ni kwamba uga wa Kyela ulikuwa umeunganishwa na soko ambalo mwanzoni lilikuwa likiitazama Afrika Magharibi, kwa kuwa Kodivaa na Ghana pekee kwa kawaida hutoa zaidi ya nusu ya kakao ya dunia.

Njia nyingine ni ya mnunuzi mdogo. Shawn Askinosie, aliyekuwa wakili wa kesi za jinai huko Springfield, Missouri, aliacha uwakili na kuanzisha kiwanda kidogo cha chokoleti, na kwa zaidi ya muongo mmoja amekuwa akinunua kakao Kyela, kwanza Tenende na baadaye Mababu. Jina la kijiji liko kwenye karatasi ya chokoleti yenyewe. Anakuja, anakaa na wakulima, anawafungulia hesabu za kampuni kwa lugha wanayoielewa, na kuwagawia sehemu ya faida juu ya bei ya kakao. Kampuni yake pia iliuza mchele wa Kyela nchini Marekani ili kugharamia chakula cha mchana cha wanafunzi wa Sekondari ya Mwaya. Ni mfano mzuri, na ni vyema kuutazama kwa macho mawili. Kiwanda kidogo hununua kiasi kidogo. Kikundi kimoja kinafaidi, na vijiji vinavyokizunguka vinabaki na soko la kawaida.

Soko hilo la kawaida nalo limebadilika. Sheria ya stakabadhi za maghala ya 2005, iliyoanza kuvuma kwenye korosho, imefika kwenye kakao: mkulima hupeleka mzigo kwenye chama chake cha msingi, AMCOS, unawekwa ghalani, na wanunuzi hushindana mnadani. Faida yake ni kubwa. Bei haiko tena kwenye daftari la mtu mmoja mwenye pikipiki. Inatangazwa, na kila mtu anaisikia. Bei ya dunia ilipovuka dola 10,000 kwa tani mwaka 2024, baada ya mvua mbaya na magonjwa ya miti huko Afrika Magharibi, mkulima wa Kyela alijua, na akalipwa bei alizokuwa hajawahi kuziona. Ilipoteremka sana mwaka uliofuata, alijua pia.

Lakini mnada huuza mafungu, na fungu moja hubeba kakao ya wakulima wengi. Kakao ya yule mama aliyegeuza sanduku lake usiku na ya yule kijana aliyetoa mbegu siku ya tatu huingia kwenye fungu lilelile, na mwisho wote wawili hupokea bei ileile kwa kilo. Mnunuzi anaweza kukata mbegu zake 300 na kupunguza bei ya fungu zima kwa sababu ya wachache. Mnada umeleta uwazi wa bei, na hilo ni jambo la kushukuru. Uwazi wa ubora bado haujafika shambani.

Pemba inatupa namna ya kulitazama jambo hili. Mkulima wa karafuu akishachambua, makonyo hayatupwi. Hupelekwa kwenye kiwanda cha Wawi, Chake Chake, yakatolewa mafuta kwa mvuke. Pale ufundi wa kuitoa harufu uko kiwandani, na mkulima hulipwa kwa alicholeta. Kyela ni kinyume chake. Harufu inatengenezwa na mkulima mwenyewe kabla mzigo haujapanda lori kwa safari ya zaidi ya kilomita 900 hadi bandari ya Dar es Salaam. Kumlipa kana kwamba ameuza malighafi ni kumnyima ujira wa kazi ya kiwanda aliyoifanya uani kwake.

Sasa Umoja wa Ulaya nao una masharti yake. Sheria yake ya 2023 inataka kakao isitoke kwenye ardhi iliyokatwa msitu baada ya Desemba 31, 2020, na kila shamba lijulikane lilipo kwenye ramani. Utekelezaji umeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini kazi ya kuyapima mashamba lazima ifanyike. Kwa Kyela, ambako mkakao umekaa chini ya mgomba na mwembe, sharti la msitu halipaswi kuwa tishio. Linaweza hata kuwa msaada, kwa sababu shamba likishakuwa na alama yake kwenye ramani, gunia nalo linaweza kuwa na jina lake. Gunia lenye jina linaweza kukatiwa mbegu, kupimwa na kulipwa peke yake.

Hilo ndilo la kudai. AMCOS ziwe na kisu cha kupasulia mbegu na kipima unyevu mlangoni, na matokeo yaandikwe kwenye stakabadhi pamoja na kilo. Mafungu yatengwe kwa daraja kabla ya mnada, na tofauti ya bei imfikie mkulima aliyeisababisha. Vikundi vipewe masanduku ya pamoja na mkopo mdogo wa kuvukia zile wiki mbili ambazo kakao iko sandukuni na juani na nyumba haina fedha. Mnunuzi wa nje anayejiita mwadilifu aulizwe maswali mawili tu: bei yako inaongezeka kiasi gani mbegu zikivundikwa vizuri, na nani anaipata nyongeza hiyo? Asipokuwa na jibu, basi cheti kilichobandikwa kwenye bidhaa yake kinamsifu yeye. Mafundi wa Kyela bado hawajalipwa.